Maji ya Jumatatu

Mimi kuzungukazunguka siwezi, wanaonijua wanajua. Jumapili moja ya Januari, watu wote wa kitongoji chetu wakiwa kanisani, Wakatoliki kwao na Walutheri kwao, mimi Agatha, mjane, mwenyekiti wa jumuiya ya Mtakatifu Monika, nilifungua ndiva nikaiba maji ya Yudith.

Asiyetoka huku kwetu milimani Upare ataona nimesema jambo dogo. Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia, limejengwa kwa mawe na udongo tangu enzi za mababu. Kila jioni mlinzi anaziba mlango wake kwa tope na magome ya migomba, maji ya kijito yanajikusanya usiku kucha, asubuhi anazibua, na mwenye zamu anayaongoza kwa mfereji mpaka shambani kwake. Zamu zinajulikana. Zamu yako ni yako kama shamba lilivyo lako, na kuiingilia ni kuiba, hakuna jina jingine.

Sasa, Jumapili hakuna anayemwagilia. Maji yaliyozibwa Jumamosi yanakaa mpaka Jumatatu, ndiva inajaa hadi ukingoni, na mwenye zamu ya Jumatatu anapata maji ya kushiba. Maji ya Jumatatu mtu anayapata mara moja kwa msimu. Ile ilikuwa Jumatatu ya Yudith, jirani yangu, mwanajumuiya mwenzangu, tunayekopeshana chumvi tangu tukiwa wasichana.

Vuli ilikuwa imetutupa mkono mwaka ule. Tangawizi yangu ilikuwa imeanza kukunja majani, na zamu yangu ilikuwa bado siku kumi na moja. Siku kumi na moja! Nilikuwa nasimama shambani naangalia majani yale, roho inaniuma. Basi Jumapili asubuhi Yudith alipopita kunichukua twende misa, nilimwambia goti limenishika. Akanipa pole. Akasema ataniombea.

Nikazibua mlango saa tatu kasoro, naisikia kwaya ya kigangoni inaanza wimbo wa kuingia. Nilitetemeka? Sikutetemeka, nisiwadanganye. Nilifurahi. Maji yalivyoingia kwenye matuta yangu nilijisikia kama mtu aliyeletewa chakula akiwa na njaa. Saa tano nikaziba, nikapaka tope vizuri, nikaenda kulala na goti langu.

Jumatatu Yudith alikuta ndiva nusu. Maji yalifika matuta sita, yakakata. Mchana ule ule mwenyekiti wa kamati ya maji, Elibariki, akaita mkutano palepale ndivani, na tukaenda wote, na mimi nikaenda.

Mlinzi wetu alikuwa Mzee Sifael, Mlutheri, mtu wa miaka sitini na minane, na ndiva alikuwa ameilinda miaka kumi na tisa. Alisema Jumamosi aliziba kama anavyoziba siku zote. Watu wakawa wananong'ona. Lazima niwaeleze kwa nini. Zamani Sifael alikuwa mnywaji wa dengelua, pombe yetu ya miwa, mnywaji hasa, wa kuokotwa njiani. Miaka kumi na moja iliyopita mkewe Eliakunda alifunga nguo zake akarudi kwa kaka zake. Sifael akaenda kumfuata, akaapa mbele ya mashemeji kwamba hatagusa tena, na hakugusa tena. Hata kwenye harusi alikuwa anakunywa soda. Mtu anayeshinda kitu kama hicho miaka kumi na moja ni mtu wa kuvuliwa kofia.

Elibariki akauliza, "Nani alimwona Sifael Jumamosi jioni?"

Nyumba yangu iko kando ya njia ya ndivani. Watu wote wakanigeukia. Na kweli nilimwona. Alipita akipiga mluzi, jembe begani, akanisalimia vizuri, akaniuliza habari za Anaeli, mwanangu aliyeko Dar. Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Lakini nikaona wakimwondoa yeye kwenye mashaka wataanza kuuliza nani alikosa misa.

Nikasema, "Nilimwona. Labda mzee alikuwa amechangamka kidogo."

Amechangamka. Neno zuri tu. Mtoto akipona homa tunasema amechangamka. Lakini mlevi wa zamani ukisema amechangamka, na ukisema kwa upole kama nilivyosema mimi, na kichwa ukakiinamisha, umemmaliza. Hakuna aliyeuliza swali jingine. Sifael aliweka chini jembe la ndiva, akaondoka. Eliakunda alikuwa amekaa na sisi wanawake. Alijifunika kanga kichwani, akashika njia nyingine ya kurudi nyumbani, si ile aliyopita mumewe.

Yudith aliniambia jioni, "Umesema bila kumdhalilisha. Wengine wangemtukana."

Kwaresima ikaingia. Majivu nikapakwa, kufunga nikafunga, Njia ya Msalaba kila Ijumaa niko mbele naongoza nyimbo, na sauti yangu mnaijua. Lakini kila nikifika pale tunaposema nimekosa mimi, mkono unagonga kifua na kifua kinaniambia, sema basi ulichokosa. Nikaona niende kuungama.

Paroko wetu, Padre Mutalemwa, alikuwa na miezi minne tu kwetu. Mtu wa Bukoba, mpole, mrefu, Kiswahili chake kimenyooka, lakini mambo ya huku alikuwa hajayajua. Alikuwa akija kigangoni anaungamisha sakristia, viti viwili na pazia katikati. Nikapiga magoti.

"Baba, nimeiba maji."

"Maji?"

"Maji, Baba. Ya jirani yangu."

"Kiasi gani?"

"Ya asubuhi moja."

Nikamsikia anatabasamu. Ndiyo, kutabasamu kunasikika. Akaniambia kwao jirani akichota maji hata hodi hapigi, lakini ni vizuri kuwa na dhamiri nyepesi, siku nyingine niombe kwanza, na nisali Salamu Maria tatu. Ndoo! Baba wa watu alidhani nimeiba ndoo ya maji.

Hapo nilikuwa nimepiga magoti, mdomo wazi, na nilijua kabisa amenielewa vibaya. Ilikuwa sentensi moja tu: Baba, si ndoo, ni zamu ya ndiva. Sikuisema. Nikasema "Amina," nikapokea ondoleo, nikasali Salamu Maria zangu kwa kasi ya mtu aliyeanika nguo na mvua inakuja, nikaenda zangu. La Sifael sikuligusa hata kwa ncha.

Na shetani, mimi namjua, haji na pembe. Anakuja anaongea kama katekista. Aliniambia, Agatha, umetaja dhambi kwa jina lake, maji ni maji, kama Padre hajui jiografia hilo si kosa lako. Nikamwambia kweli kabisa. Jumapili nikakomunika. Nilirudi kwenye benchi nikiwa na hofu hata ya kumeza mate.

Alhamisi kabla ya Jumapili ya Matawi, Yudith akaja kwangu, amekaa jikoni anamenya ndizi nami, akanipa habari.

"Mama Anaeli, Jumamosi kamati inachagua mlinzi wa kudumu. Wanakutaka wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Unaishi karibu, watu wanakuamini. Elibariki amesema hatujawahi kuwa na mlinzi mwanamke, lakini kwa uaminifu wako hakuna atakayepinga."

Niseme ukweli? Moyo ulinichezacheza kwa furaha. Mwanamke wa kwanza kuilinda ndiva ile. Nikajiona nimesimama ukingoni na jembe, watu wananisalimia. Halafu nikauliza, ili nisionekane nina haraka, "Na Mzee Sifael anasemaje?"

"Asemeje? Anahama. Jumamosi hiyo hiyo anateremka Makanya kwa mtoto wake anayechimba jasi. Anasema hawezi kupita njiani watoto wanamwita mlevi."

"Kifua chake kile kibovu, na vumbi la jasi?"

"Ndiyo hivyo."

"Na Eliakunda?"

Yudith akaweka kisu chini. "Hamfuati. Anasema alishamrudia mlevi mara moja, hawezi kuanza upya. Tangu Januari ananusa vikombe vyake, Mama Anaeli. Sifael anaapa, mama wa watu ananusa kikombe. Hawasemezani."

Ndizi zilizobaki alizimenya Yudith peke yake.

Kesho yake, Ijumaa mchana, baada ya Njia ya Msalaba, nikajipanga tena kwenye foleni ya kitubio. Wenzangu wakanitazama, maana nilikuwa nimeungama majuzi tu. Nikapiga magoti, na hasira nilikuwa nazo. Nilimkasirikia Padre kwa kunielewa vibaya, kana kwamba yeye ndiye aliyezibua mlango.

"Baba," nikamwambia, "huku kwetu maji si ndoo."

Nikamweleza yote. Ndiva, zamu, Jumatatu, goti la uongo, matuta sita ya Yudith. Nikamweleza kwamba siku ile nilijua hakunielewa, nikamwacha hivyo hivyo, nikakomunika. Hakutabasamu safari hii. Akasubiri. Nikaona nimemaliza, na yeye bado anasubiri.

"Na huyo mlinzi wa mlango," akauliza, "ilikuwaje kwake?"

Ndipo nikalitoa lile neno. Nilipolitamka, nililia kwa sauti mpaka waliokuwa kwenye foleni nje wakakohoa.

Padre akangoja ninyamaze. Akasema, "Mungu anakusamehe, mama, usiwe na shaka hata kidogo. Lakini jina la yule mzee unalo wewe. Utamrudishia. Palepale ulipolichukua."

"Baba, yule ni Mlutheri."

"Jina lake nalo ni la Kilutheri?"

"Baba, pale kuna watu sitini."

"Siku uliposema amechangamka walikuwa wangapi?"

Mtu wa Bukoba yule, mpole yule! Nilitoka sakristia nimenuna kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Usingizi ulikuja kwa shida, na asubuhi nilipoamka nilikuwa nimeshapata ufumbuzi. Padre alisema nimrudishie Sifael jina. Hakusema nijitangaze mimi. Basi nitasimama niseme nilikosea, mzee hakuwa amechangamka, nikae chini. Sifael anasafishika, Agatha anabaki Agatha. Nikavaa kitenge changu kizuri cha mikutano, nikapanda ndivani nikiwa mwepesi kabisa.

Watu walikuwa wamejaa. Sifael alikuja, maana gari la kuteremka lilikuwa saa sita, na alitaka kukabidhi mbele ya watu kikombe cha bati na panga la kamati vilivyokuwa nyumbani kwake. Begi lake lilikuwa miguuni. Eliakunda alikuwa kule juu, kwenye mgomba wa mwisho, amesimama mbali na mumewe kama mtu aliyepita tu njia.

Elibariki akaanza kunisifu. Nikasimama kabla hajamaliza.

"Nina neno," nikasema. "Siku ile ya Januari nilisema Mzee Sifael alikuwa amechangamka. Nilikosea. Nadhani hakuwa amechangamka."

Nikaketi. Mnajua watu walifanya nini? Walinipigia makofi. Mama mmoja akasema, mwoneni Mama Anaeli alivyo na huruma, mzee anaondoka anataka aondoke na heshima yake. Elibariki akaitikia kwa kichwa, akasema ndiyo maana tunamchagua huyu. Yudith akanishika bega. Na Sifael akawa anatazama begi lake, hakuna hata mtu mmoja aliyemwangalia tofauti na jana. Nilikuwa nimerudi na sifa zaidi, na yeye nimemwacha palepale, mlevi anayeonewa huruma.

Elibariki akachukua jembe la ndiva akanyoosha mkono anipe. Mpini wake umelainika kwa mikono ya Sifael ya miaka kumi na tisa. Ningelipokea tu. Hakuna mtu duniani angejua, ila Mungu na Mtu wa Bukoba, na wote wawili hawasemi. Nilitaka kulipokea. Nawaambia mjue, nilitaka mpaka vidole vikaniwasha.

Nikaweka mikono yangu nyuma.

"Maji ya Yudith niliyaiba mimi," nikasema. "Jumapili, mkiwa kanisani. Goti halikuwa linauma. Mzee Sifael aliziba vizuri, mimi ndiye niliyezibua. Na Jumamosi ile alikuwa mzima kama mlivyo ninyi sasa. Nilisema amechangamka ili msinitazame mimi."

Mkono wa Yudith ulitoka begani kwangu. Faini walinipiga, zamu tatu nimefutiwa, na Yudith nimempa mbegu za tangawizi madebe mawili, na hakunisemesha mpaka baada ya Pasaka. Hayo yote ni haki yangu wala siyalalamikii. Ninalotaka kuwaambia ni la Sifael.

Nilimngoja anitukane. Nilitamani anitukane. Alisimama, akanisogelea mpaka nikaona mishipa ya macho yake.

"Sema tena," akaniambia.

"Kaka Sifael, nimesema, nisamehe, mimi ndiye..."

"Siyo kwangu." Akageuka akaonyesha kule juu kwenye migomba. "Eliakunda yuko mbali, hajasikia. Sema kwa nguvu, mama. Sema tena asikie."

Mara ya kwanza nilikuwa nimesema kwa watu sitini, na nilidhani hilo ndilo gumu. Nikapanda ule mteremko kwa miguu yangu miwili, kitenge kinanikwaza, mpaka mbele ya Eliakunda. Mikono yake ilikuwa imekunjwa kifuani. Nikamwambia macho kwa macho. Mumeo hakunywa. Mumeo hajanywa hata siku moja. Mimi ndiye niliyesema uongo, kwa sababu ya tangawizi.

Sidhani hata aliniona. Alinipita akateremka, akaanza kukimbia, mwanamke wa miaka sitini na kitu anakimbia kwenye mawe yale, akafika kwa mumewe akasimama. Hawakugusana, sisi huku hatugusani mbele za watu. Alichukua tu begi lile akalikumbatia.

"Nilikuambia," Sifael akasema. "Nilikuambia, mama. Si nilikuambia?"

Na akalia. Mzee mzima, mbele ya kitongoji, analia akirudia maneno hayo hayo, na mkewe anaitikia, "Uliniambia. Uliniambia, baba." Mimi niko kule juu kwenye mgomba nimebaki peke yangu. Kuungama nilikuwa nimeungama mara mbili. Kutubu nilitubia pale.